Nishani yenye MWELE 1895 ukingoni: mbona haina upau, na picha ya nyuma ni ya Ashanti?

Chongowe_Gazi

Salaam wadau.

Kuna nishani nataka kuinunua, na kabla sijatoa hela naomba mwenye ujuzi anisomee. Ni ya fedha, kipenyo milimita 36. Mbele kuna kichwa cha Malkia Victoria, taji dogo na shela, na maneno VICTORIA REGINA. Nyuma kuna askari wa Kizungu wanapigana na watu weusi kwenye kichaka kizito, mti mkubwa katikati. Nyuma hapo hakuna neno hata moja, wala mwaka. Utepe ni wa manjano, kingo zake nyeusi, na katikati mistari miwili myembamba myeusi.

Ukingoni pameandikwa jina la mtu, kisha cheo, STO., kisha manowari, H.M.S. PHOEBE. Karibu na kishikio cha utepe, mahali pa peke yake, pana MWELE 1895. Juu ya kishikio hakuna upau wowote, yaani kile kipande cha fedha chenye jina la vita, wakati nishani za sura hii ninazoziona minadani zote zina upau wa WITU 1890 au BENIN 1897.

Muuzaji mwingine niliyemwonyesha picha anasema hiyo ni nishani ya Ashanti ya 1874 ambayo mtu ameichonga maneno ya Mwele ili bei ipande. Na kweli picha ya nyuma ni vita vya Ashanti. Sasa Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid aliyepigana na Waingereza huku pwani ya Kenya, na Ashanti ya Afrika Magharibi, wapi na wapi? Upau uko wapi? Na nikiishika mkononi nikague nini?

---

Ukingo36

Mkuu, huyo muuzaji amepatia picha, nishani ameikosea. Kwa maelezo yako hiyo ni Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi iliyoanzishwa 1892, na kukosa upau si dosari. Kwa Mwele ndivyo inavyotakiwa iwe.

Tuanze na picha maana ndiyo inayowachanganya wengi. Nishani ya Ashanti iliidhinishwa Juni 1874, baada ya vita vya 1873–74 kule Gold Coast (Ghana ya leo). Kichwa cha Malkia ni kazi ya Leonard Charles Wyon, wa ule ukoo wa Wyon uliochongea Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme cha London chapa za sarafu na nishani kwa vizazi. Upande wa nyuma ulibuniwa na Edward Poynter, mchoraji ambaye mwaka 1896 alikuja kuwa rais wa Royal Academy, chuo cha wasanii cha London. Poynter aliujaza mduara wote miili, bunduki na majani, umbo limeinuka sana kutoka kwenye bamba, na hakuacha nafasi ya maandishi. Hakuna jina la nchi, hakuna mwaka, hakuna bendera.

Ububu huo ndio ulioifanya picha idumu. Serikali ya Uingereza ilipotaka, mwaka 1892, nishani moja ya kufunika vita vidogo vidogo vya pwani zote mbili za Afrika, haikuagiza mchoro mpya. Ilichukua mchoro uleule, utepe uleule, ikapunguza unene wa bamba kidogo, basi. Baharia aliyetembea kutoka Kipini hadi Witu akapewa picha ya msitu wa Afrika Magharibi. Picha hiyohiyo ikatumika tena kwenye Nishani ya Afrika ya Kati ya 1891–98, ile yenye utepe wa mweusi, mweupe na rangi ya matofali. Mchoro mpya ulikuja 1902 na Nishani ya Utumishi wa Afrika: pale nyuma kuna Britannia amesimama na simba, jua linachomoza, na neno AFRICA chini.

Kwa hiyo picha haikuambii ni vita gani, na hata nishani gani haikuambii. Mambo matatu ndiyo yanayosema: upau, ukingo na unene.

Sasa upau. Nishani hii inafunika operesheni kuanzia Novemba 1887 hadi 1900, na pau zake ni zaidi ya ishirini. Nyingine zina jina la mahali na mwaka (WITU 1890, GAMBIA 1894, BRASS RIVER 1895), nyingine zina mwaka mtupu (1887-8, 1891-2, 1892, 1893-94, 1896-98 na kadhalika). Kanuni ilikuwa kwamba nishani haitoki bila upau. Mwele peke yake ndiyo iliyokwenda kinyume: haikupewa upau, ikaandikwa ukingoni. Aliyekuwa na nishani tayari, tuseme alishapata BRASS RIVER 1895 mwezi Februari mwaka huohuo, aliongezewa maneno ya Mwele kwenye nishani yake. Asiyekuwa nayo alipewa nishani isiyo na upau, na Mwele ukingoni.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Ukiletewa nishani hii haina upau na ukingoni hakuna Mwele, basi ama upau umeng'olewa, ama ni Ashanti iliyotolewa bila upau (zile zipo halali, nyingi tu), ama imechezewa.

Mwaka nao una maana. Utakutana na 1895 na utakutana na 1895–6. Kikosi cha wanamaji cha Rear-Admiral Harry Rawson kiliiteka boma la Mwele tarehe 17 Agosti 1895 kikarudi melini. Mbaruk hakukamatwa, vita vikaendelea hadi Aprili 1896 alipovuka kwenda upande wa Wajerumani, na sehemu hiyo ya pili ilikuwa ya askari wa nchi kavu, wakiwamo wa 24th Bombay Infantry walioletwa kutoka India. Baharia wa Phoebe akiwa na 1895 yuko mahali pake. Baharia wa Phoebe akiwa na 1895–6 ningemuuliza maswali.

Na kwa nini haiwezi kuwa ya Ashanti iliyoongezewa: nishani za Ashanti za wanamaji ziliandikwa ukingoni jina, cheo, meli, na mwisho miaka 73-74, herufi zimezama na kujazwa rangi nyeusi. Phoebe unayoisema wewe iliteremshwa majini 1890. Mtu angelazimika kusaga ukingo wote na kuandika upya, si kuongeza "Mwele" tu. Na ukingo uliosagwa haufichiki, lakini hilo namwachia mwenye lenzi.

---

Sonara_Kibokoni

Ahsante Ukingo36. Ndugu Chongowe, ukienda kuiona beba kalipa inayosoma sehemu ya mia ya milimita, lenzi ya mara kumi, mizani ya kidijiti ya gramu 0.01, glasi ya maji na uzi mwembamba.

Anza na ukingo, usianze na uso. Pima kipenyo sehemu nne au tano, ukikwepa pale ukucha, kile kipande kinachoshika kishikio kwenye nishani, ulipobana. Nishani nzima iliyogongwa na kiwanda hutoa kipimo kilekile kila upande, tofauti ni nywele. Iliyosagwa ili kufuta jina hupungua, na haipungui sawasawa kwa sababu mkono wa mtu hauna usawa wa mashine: huku 36.1, kule 35.8. Halafu itazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Ukingo halisi ni bapa na pembe zake mbili ni kali kidogo. Uliosagwa huwa na tumbo katikati au bonde mahali jina lilipokuwa, na ile midomo midogo inayozunguka uso wa nishani inakuwa myembamba upande mmoja kuliko mwingine.

Kisha herufi. Nishani nyingi za wanamaji za mfululizo huu zimegongwa kwa chapa za herufi, moja moja au kwa mpangilio, herufi kubwa ndogondogo zisizo na madoido. Herufi iliyogongwa ina sakafu bapa na kuta zinazosimama, na fedha iliyosukumwa huinuka kidogo pembeni mwake. Herufi iliyochongwa kwa tindo ni mfereji wenye umbo la V, unang'aa chini, na mwanzo na mwisho wa kila mstari umechongoka. Zipo zilizochongwa ambazo ni halali, kwa hiyo kuchongwa peke yake si hukumu. Hukumu ni mchanganyiko: jina limegongwa lakini jina la meli limechongwa, au herufi za cheo hazilingani kimo na za jina. Maneno ya Mwele, kwa kuwa wengine waliongezewa baadaye, yanaruhusiwa kutofautiana na jina. Yasiyoruhusiwa ni kuwa mapya kuliko jina. Kama jina limelika kwa kusuguliwa miaka mia moja na MWELE ina pembe za kukata kidole, acha.

Kuna kitu kidogo cha kutazama kwa lenzi: uchafu mweusi ndani ya herufi. Fedha ikizeeka hujaza mifereji yake kwa giza lilelile kote. Mtu akichonga leo analazimika kuweka giza kwa dawa ya salfa, na dawa hiyo hukaa hata nje ya herufi, kama doa la moshi. Pitisha pamba kavu juu yake. Ikitoka na weusi mwingi kutoka sehemu moja tu, umeshajua.

Kwa madini, usikwaruze wala usitie tindikali. Tumia maji. Toa utepe, pima nishani ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani sifuri, ning'iniza nishani kwa uzi ndani ya maji bila kugusa glasi, soma gramu zinazoonekana. Gawanya uzito mkavu kwa hizo gramu. Mfano: kavu gramu 33.0, majini mizani inasoma 3.2, jibu ni 10.3. Fedha ya 925 huja 10.3 au 10.4. Shaba nyeupe ya nikeli iliyopakwa fedha itakuja karibu 8.7 hadi 8.9, shaba ya njano 8.5 hivi. Yanayoharibu kipimo ni mapovu. Nyuma ya nishani hii kuna majani na miguu ya watu iliyochongwa kwa kina, hewa inajificha humo na kukupunguzia jibu. Tumbukiza, tikisa, gonga glasi, mapovu yatoke, ndipo usome. Tone la sabuni ya vyombo husaidia.

Za bandia nyingi zinazotembea zimesubiwa, yaani zimemiminwa kwenye kalibu, kutoka kwenye nishani halisi. Kipimo chake huwa pungufu kidogo kwa sababu fedha husinyaa ikipoa, nyuso za wapiganaji zinakuwa kama sabuni iliyotumika, na kwenye sehemu tupu karibu na kichwa cha Malkia unaona vitundu vya pini. Iliyogongwa haina vitundu.

Kishikio: kimenyooka, kinazunguka. Kizungushe taratibu. Kikiwa kimekaza kabisa au kimekaa upande, tafuta lehemu kwenye ukucha. Ukucha halisi umebanwa na pini inayopita kwenye nishani, na lehemu ya kijivu inayomwagika pale inamaanisha kishikio kiling'oka kikarudishwa. Hilo si udanganyifu, lakini bei ishuke. Ukucha uliorudishwa unaweza pia kuwa umetoka kwenye nishani nyingine.

---

Chongowe_Gazi

Shukran sana wakuu. Sonara, nimepata ruhusa nikaipima leo. Kipenyo 36.1 pande zote nne. Maji yamenipa 10.2 mara ya kwanza, nikatikisa mapovu nikapata 10.3. Herufi zina sakafu bapa, MWELE ni nyembamba kuliko jina lakini imelika sawa na jina. Kishikio kinazunguka.

Swali la nyongeza: pale kuna nyingine ina upau wa WITU 1890, meli ni Boadicea, na mbele ya meli badala ya cheo pameandikwa SEEDIE. Bei yake chini kidogo eti kwa sababu "si Mzungu". Hiyo Seedie ni nini? Na je, Unguja 1896, siku Waingereza walipompiga Sayyid Khalid, ilikuwa na upau wake?

---

Bin_Kipini

Ami, hiyo ya Seedie usiiache ikakaa dukani hata wiki. Kwa sisi wa pwani hiyo ndiyo nishani, ya Mwingereza inakuja baadaye.

Manowari za kituo cha East Indies ziliajiri mabaharia weusi, wengi wao wakiandikishwa Unguja, Aden na Bombay, kwa kazi za tanuri, mashua na sitaha ambazo joto liliwashinda Wazungu. Waingereza wakawaandika Seedie, na kiongozi wao Seedie Tindal. Upande wa Afrika Magharibi waliofanya kazi hizo ni Wakru, wao unawakuta kwenye nishani za Benin na Gambia. Waliandikwa kwenye daftari la meli, kwa hiyo meli ikistahili na wao wanastahili. Majina yao ukingoni ni vichekesho vya karani: majina ya Kiislamu yaliyoandikwa kwa sikio la Mwingereza, au majina ya kubandikwa tu. Kwa hiyo usikatae nishani kwa sababu jina "halieleweki". Kataa ikiwa jina ni safi mno, kwa tahajia ya leo.

Boadicea kwa Witu ni sahihi kabisa, ndiyo iliyokuwa meli ya Vice-Admiral Edmund Fremantle. Huyu Fremantle alipigana Gold Coast 1873 akajeruhiwa karibu na Elmina, kwa hiyo ile picha ya Poynter yeye angalau aliijua kwa macho.

Witu kwa kifupi: Julai 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza Witu, karibu na Lamu, kwenye mkataba uleule uliowapa kisiwa cha Heligoland. Septemba kundi la Wajerumani la Andreas Küntzel likauawa Witu, Uingereza ikamtaka Sultani Fumo Bakari atoe wahusika, akakataa. Oktoba wanamaji wakashuka Kipini. Mji ukatekwa na kuchomwa tarehe 27. Upau unahesabu tarehe 17 hadi 27 Oktoba. Meli zilizohusika ni Boadicea, Brisk, Conquest, Cossack, Humber, Kingfisher, Pigeon, Redbreast na Turquoise. Ukiona WITU 1890 na jina la meli lisilo kati ya hizo tisa, mrudishie mwenyewe. Nchi kavu walikuwepo pia polisi wa Kihindi wa Kampuni ya Imperial British East Africa na askari wa Sultani wa Unguja.

Pau nyingine za kwetu ni hizi. WITU AUGUST 1893 ni ya vita vya Fumo Omari, ngome za Pumwani na Jongeni. Meli Blanche, Swallow na Sparrow. Angalia neno AUGUST lazima liwepo, maana wapo wanaokata upau wa 1890 na kuubadilisha mwaka. JUBA RIVER 1893 ni ya siku tatu tu, 23 hadi 25 Agosti, watu wapatao arobaini wa Blanche chini ya Luteni Lewes waliopanda mto kwa boti ya mvuke Kenia. Huo upau unawavutia waghushi, kwa sababu ni adimu na kila mtu ana Blanche ya Witu anayoweza kuipandisha cheo. Mtu wa Blanche anaweza kuwa nazo zote mbili kihalali, lakini bila daftari usiamini. Halafu za Nyasa, LIWONDI 1893 na LAKE NYASSA 1893, boti za mito na ziwa, hizo nazo chache mno.

Kuhusu Unguja 27 Agosti 1896: hapana. Hakuna upau, hakuna nishani ya vita ya Uingereza kwa siku ile. St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon zilipiga mizinga jumba la Sultani kwa dakika 38 hivi, mamia wakafa upande wa Khalid, na nishani hazina habari hiyo. Rawson mwenyewe alipewa Nyota Ing'aayo ya Unguja na Sultani mpya, Hamoud. Ndiyo maana nishani ya mtu wa St George inaweza kuwa na MWELE 1895 ukingoni na BENIN 1897 juu, na katikati ya hizo mbili pana pengo la Unguja ambalo alikuwepo lakini halionekani popote. Mchanganyiko huo wa Mwele na Benin, kwa njia, ni wa kawaida kwa St George na Phoebe. Usiuone ukadhani umetengenezwa.

Kuna nishani nyingine ambayo watu wa hapa wangepaswa kuijua zaidi. Sultani Hamad bin Thuwaini alitoa ya kwake mwaka 1896 kwa askari wa Unguja waliopigana chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani. Fedha, milimita 36, utepe mwekundu mtupu. Mbele uso wa Sultani umezungukwa na maandishi ya Kiarabu, nyuma maandishi yaleyale yamepangwa kwa mistari minne. Pau zake ni nne, kwa herufi za Kiarabu: Pumwani, Jongeni, Takaungu, Mwele. Kwa hiyo Mwele upau ilikuwa nao, ila wa Sultani, si wa Malkia. Askari wa Hamad alivaa neno Mwele kifuani, baharia wa Phoebe alilibeba ukingoni ambako halionekani nishani ikivaliwa.

---

Ukingo36

Bin Kipini ameniwahi kwenye Juba. Niongeze moja tu kuhusu pau, kwa sababu Chongowe amesema ataangalia hiyo ya Boadicea.

Upau wa kwanza unakaa kwenye kishikio, wa pili unapanda juu yake, na wa zamani zaidi ndio ulio karibu na nishani. Kila upau una masikio mawili madogo pembeni yenye matundu, na pini fupi za ribiti zinaunganisha masikio ya chini na ya juu. Ribiti za kiwanda ni ndogo, vichwa vyake ni vya mviringo na vinafanana. Ribiti za fundi wa mtaani ni waya uliokatwa na kupondwa. Ukiona pau mbili na ribiti za namna mbili, usihukumu hapohapo: upau wa pili mara nyingi ulitumwa peke yake baada ya miaka, na baharia alimpelekea sonara yeyote bandarini auunge, au aliutelezesha tu kwenye utepe bila ribiti. Cha kuhoji ni upau mmoja tu na ribiti za ovyo. Upau mmoja wa Witu 1890 ulitoka pamoja na nishani, hauna sababu ya kuungwa na mtu wa mtaani.

Geuza upau utazame nyuma. Halisi ni laini. Wenye mchanga mchanga nyuma na herufi zenye mabega ya mviringo mbele umesubiwa.

Na kumbuka nishani ilianzishwa 1892, vita vya Witu vilikuwa 1890. Wakati zinatolewa wengi walishahama meli au kutoka jeshini. Meli iliyoandikwa ni ya wakati wa vita, si ya siku ya kupokea. Mtu akikuonyesha cheti cha baharia kinachosema 1892 alikuwa meli nyingine, hilo si kosa.

---

Daftari_ADM

Nimechelewa ila kipande changu bado hakijaguswa.

Ukaguzi wa mkono unakwambia nishani ni halisi. Haukwambii mtu aliyeandikwa alistahili. Hilo liko kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew. Madaftari ya nishani za wanamaji yako mfululizo wa ADM 171, ya jeshi la nchi kavu yako WO 100. Kwenye ADM 171 majina yamepangwa kwa meli ndani ya kila operesheni, kwa hiyo kwako unatafuta orodha ya Mwele, kisha Phoebe, kisha jina. Pembeni kuna maelezo mafupi ya karani: nishani ilipelekwa wapi, au kwamba mtu alikufa, au neno RUN, maana yake alitoroka melini. Aliyetoroka alinyimwa. Jina likiwa na RUN na nishani iko mkononi mwako, ama alisamehewa baadaye, ama kuna tatizo.

Shida ya nishani za wanamaji za miaka hii ni kwamba kwa kawaida hazina namba ya utumishi. Ni jina, cheo na meli. Jina la kawaida la Kiingereza lenye herufi moja mbele yake unaweza kukuta watu wawili au watatu wa hivyo, ndani ya meli moja hata. Hapo ndipo cheo kinasaidia. STO. ni mtu wa tanuri, A.B. ni baharia kamili, ORD. ni wa daraja la chini yake, LG. SEA. ni kiongozi wa zamu, PTE. R.M. ni askari wa meli. Ukishapata namba kwenye daftari, nenda ADM 188, rekodi za mabaharia mmoja mmoja, zinapakuliwa mtandaoni. Karatasi itakuonyesha meli zote na tarehe za kuingia na kutoka. Kwa Mwele unahitaji aliyekuwa Phoebe katikati ya Agosti 1895. Akiwa aliingia Septemba, nishani si yake, hata ikiwa fedha ni safi.

Kwa Seedie wa Boadicea njia ni ndefu. Usitegemee ADM 188, wengi wao waliajiriwa kwa kituo na si kwa utumishi wa kudumu. Anza na ADM 171 ya Witu, orodha ya Boadicea. Soma kwa sikio. Jina lenye R linaweza kuwa na L, na Bin inaweza kuwa Ben au isiwepo. Linganisha tahajia ya daftari na ya ukingoni herufi kwa herufi. Vikifanana mpaka kwenye kosa la karani, hiyo ni nzuri, kwa sababu mghushi wa leo hurekebisha makosa.

---

Chongowe_Gazi

Nimezichukua zote mbili. Ya Phoebe utepe wake umeoza kwenye mkunjo, unamwagika unga wa manjano. Nibadilishe? Na ina giza karibu yote, nifute?

---

Sonara_Kibokoni

Usifute. Giza hilo ni salfaidi ya fedha, linalinda kilicho chini yake. Sabuni ya fedha na soda ya magadi zitakula pua za wapiganaji kwanza, maana ndizo zilizoinuka, kisha nakshi ya ukucha. Jasho la vidole ndilo adui: lifute kwa kitambaa cha pamba kilichooshwa mara nyingi, kikavu, bila kusugua.

Utepe mpya upo, upana wa milimita 32, kata sentimita 15. Ingiza kwenye kishikio, kunja nyuma, shona kwa mishono mitatu ya uzi wa pamba, usitumie gundi wala pini ya chuma, kutu yake itaingia kwenye fedha ndani ya msimu mmoja wa mvua hapa pwani. Ule wa zamani usiutupe, weka ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi pamoja na nishani. Mnunuzi makini atauliza.

Kuhifadhi: si kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC, ule hutoa mafuta ya kijani. Mfuko wa poliesta ngumu, pakiti ya silika ndani ya boksi, na boksi lisiwe la mbao ya mvule mbichi wala lenye bitana ya sufu, vyote hivyo hutia fedha weusi. Silika ibadilishe ikigeuka rangi. Mombasa hiyo ni kila baada ya wiki chache, Nairobi utakaa nayo zaidi.